Visanamu vya Vita vya Kubuni: Namna ya Kuvigeuza na Kuvipaka Rangi



Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze kazi inayofanywa kila Jumamosi alasiri katika stoo ya zamani nyuma ya maabara. Wengi huchungulia dirishani, wakaona vijana wa kidato cha nne wameinamia visanamu visivyozidi urefu wa kidole, wakaenda zao wakicheka. Baadhi ya wazazi nao waliuliza, siku ya mkutano wao, kama hiyo ndiyo kazi iliyowaleta watoto wao Mloka. Swali hilo ni la haki nami nitalijibu, lakini yafaa kwanza kazi yenyewe ifahamike. Kwa hiyo nitaeleza asili ya mchezo huu, kipimo chake, vifaa, namna ya kugeuza, namna ya kupaka rangi, na mwisho jambo moja ambalo visanamu hivi vimetufundisha juu ya nchi yetu wenyewe ya Rufiji.

1. ASILI YA MCHEZO

Mchezo huu ni wa kupigana vita juu ya meza. Kila mchezaji ana jeshi lake la visanamu. Mwendo hupimwa kwa rula, na mambo ya bahati, mathalani kama risasi imempata adui au imemkosa, huamuliwa kwa dadu. Sisi hapa hatuna dadu za kutosha, kwa hiyo twatumia komwe sita zilizoandikwa namba, nazo hutolewa kikombeni bila kutazama. Hesabu ni ile ile: kila namba ina nafasi moja katika sita.

Mchezo si wa jana. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, katika Ujerumani ya zamani, jina lake von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita wa mezani. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alitoa kanuni zilizotengenezwa vizuri zaidi, na maofisa wakajifunzia. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, ambaye alikuwa amekwisha andika hadithi ya viumbe wa Mars kuivamia dunia, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, kinachofundisha kupigana vita sakafuni kwa askari wa kuchezea. Mwishoni mwa kitabu hicho aliwashauri wakubwa wa dunia watosheke na vita vidogo namna hiyo, maana vile vikubwa ni hasara tupu na upumbavu. Hawakumsikia. Mwaka uliofuata Vita Kuu vya Kwanza vilianza, vikafika mpaka hapa Rufiji.

Baadaye wachezaji walichoka na vita vya kale, wakabuni walimwengu wapya. Huko London mwaka 1975 vijana watatu walianzisha kampuni ya Games Workshop. Mwaka 1983 ilitoa mchezo wa Warhammer, wenye mazimwi na wachawi, na mwaka 1987 ikatoa mwingine ambao mambo yake hutokea baada ya miaka elfu nyingi, sayansi na uchawi vikiwa vimechanganyika: mwenye panga na mwenye chombo cha angani wamo katika jeshi moja. Mchezo huo huchezwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Kazi ya “kugeuza” ilikuwapo hata huko. Katika miaka ya 1980 vyombo vya kuuzwa vilikuwa vichache, na wachezaji walifundishwa kutengeneza kifaru kinachoelea hewani kwa kutumia kopo la plastiki la dawa ya kwapa. Hata waliotengeneza vyombo vya angani vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walivibandika vipande vya vifaru na meli za plastiki za kuchezea, ili mtazamaji aone bomba na misumari mahali pote. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa sisi, kwa kuokota vifuniko na waya, tunacheza mchezo wa maskini. Twaucheza kama wenyewe walivyouanza.

2. KIPIMO

Kabla ya kukata chochote hapana budi kujua kipimo. Kisanamu cha kawaida cha mtu mzima kina urefu wa milimita 28 hivi. Tukichukua mtu wa mita 1.68, yaani milimita 1,680, tukagawa kwa 28, twapata 60. Basi kipimo chetu ni moja kwa sitini. Kila kitu cha kweli hugawanywa kwa 60.

Mamba wa mita 4 atakuwa milimita 67. Tembo wa mita 3 begani atakuwa milimita 50. Kiboko wa mita 1.5 begani atakuwa milimita 25, yaani atamfika mtu usoni. Na aliyewahi kukutana na kiboko njiani jioni, akirudi kutoka mtoni, hatakataa hesabu hiyo.

Kanuni hii ndiyo inayomwokoa fundi asifanye kitu cha uongo. Twaweza kubuni kiumbe chenye kichwa cha kambale na mikono ya kaa, wala hakuna atakayetubishia, maana ni kiumbe cha kubuni. Lakini bunduki yake ikiwa nene kuliko mguu wake, mtazamaji atacheka hata kama hajui sababu. Jambo la kubuni husadikika pale tu vipande vyake vyote vimepimwa katika vitu vya kweli.

3. VIFAA

Vifaa vyetu ni hivi:

(a) Askari wadogo wa plastiki wa kuchezea, wanaouzwa kwa pakiti katika maduka ya Kibiti na Ikwiriri. Hawa ndio miili.

(b) Waya mwembamba wa shaba kutoka katika mota au redio iliyokufa.

(c) Wembe, sindano, msasa mwembamba, na mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha.

(d) Supagluu, gundi nyeupe ya seremala, na ile gundi ya mafundi bomba yenye madonge mawili ambayo hukandwa pamoja ikawa ngumu kama jiwe.

(e) Vumbi la chaki.

(f) Vifuniko vya chupa za soda, ambavyo ni vya upana wa sentimita 3 hivi, kwa kusimamishia kisanamu.

(g) Mabaki ya jikoni: mifupa ya samaki, hasa kichwa cha kambale chenye vibamba vigumu, na magamba ya kaa wanayotuletea wenzetu wa delta wakirudi kutoka likizo. Haya huchemshwa, husuguliwa kwa sabuni, kisha huanikwa juani siku tatu, la sivyo bweni zima litalalamika.

Hapa natoa onyo. Shule yetu i karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jino, pembe, kucha, unyoya wala mfupa wa mnyama wa porini hauokotwi, hata ukiukuta umelala njiani. Sheria ya wanyamapori haiulizi kama ulikuwa wataka kutengeneza kisanamu. Kambale wa bwalo watutosha.

4. KUGEUZA

Kugeuza maana yake ni kuchukua kisanamu kilichotengenezwa kuwa kitu kimoja na kukifanya kuwa kingine. Mafundi wa kwetu waliijua akili hiyo zamani. Yasimuliwa juu ya Samaki Likankoa, mchonga vinyago wa Kimakonde aliyetoka Msumbiji akaishi Tanganyika, ya kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 kinyago alichokuwa akikichonga kilivunjika mkono. Hakukitupa. Alikigeuza kikawa kiumbe cha ajabu kisichofanana na mtu, na tangu hapo mtindo wa vinyago vya shetani ukaenea hata nchi za ng’ambo. Kilichovunjika kilimfungulia mlango.

Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, osha kisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta, nayo rangi haishiki juu ya mafuta.

Pili, chora karatasini umbo unalolitaka, kwa ukubwa ule ule wa kisanamu. Mchoro ukikushinda, kisanamu kitakushinda zaidi.

Tatu, kata penye kiungo: begani, kiunoni, shingoni. Wembe uelekezwe mbali na kidole, tena kata kidogo kidogo. Hakuna gundi inayorudisha kilichokatwa mno.

Nne, unga kwa waya. Askari wa kuchezea ni wa plastiki laini, nayo haishikwi sawasawa na gundi peke yake. Pasha sindano moto, toboa tundu dogo katika kila upande, tia kipande cha waya, kisha ndipo utie gundi. Kazi hii ifanywe nje, maana moshi wa plastiki ni sumu. Kadhalika supagluu isiguswe na pamba kwa wingi, kwa kuwa hupata moto ghafla ikaunguza mkono.

Tano, ziba nyufa. Nyunyiza vumbi la chaki kwenye ufa, dondoshea tone la supagluu, nayo itakauka upesi ikawa ngumu. Piga msasa mpaka kidole kisihisi kovu.

Sita, vika nguo. Karatasi nyembamba iliyolowekwa katika gundi nyeupe na maji hukunjika kama kitambaa. Ikikauka imekuwa joho au kanga. Uzi uliosokotwa huwa kamba. Kibamba cha kichwa cha kambale huwa ngao. Ncha ya koleo la kaa huwa mkono wa kiumbe wa mikoko.

Saba, simamisha juu ya kifuniko cha soda, ukitazama uzito umeegemea mguu gani. Kisanamu ambacho miguu yake haibebi mwili wake huonekana kinaanguka hata kama kimegandishwa.

Majeshi yetu ni mawili. Moja ni Watu wa Mikoko, ambao katika hadithi yetu ni wakazi wa delta miaka elfu moja ijayo, baada ya bahari kupanda. Nao wameota magamba. La pili ni Jeshi la Chuma, linalokuja kutoka baharini katika meli kubwa kutafuta maji baridi ya mto.

5. MZINGA ULIOGEUZWA

Jeshi la Chuma lilihitaji mizinga. Hatukuibuni mizinga hiyo. Tuliichukua katika historia ya mto wetu, maana kugeuza kukubwa kuliko kote ninakokujua kulifanywa papa hapa Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baada ya hapo mashine zake ziliharibika, ikajificha katika vijito vya delta ya Rufiji. Vipande vya mashine vilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu vikatengenezwe, vikarudishwa, vyote kwa nguvu za watu. Waingereza waliigundua, wakaziba midomo ya mto, na mwezi wa Julai 1915 wakaleta meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai Königsberg iliharibiwa vibaya, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe.

Lakini mizinga yake kumi haikufa. Ilitolewa yote katika meli, ikavutwa matopeni, na katika karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaanza kutengenezewa magurudumu. Mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu, ikapigana mpaka mbali. Mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine upo Pretoria, Afrika ya Kusini.

Hesabu ya mzinga huo ni nzuri kwa mwanafunzi. Kipenyo cha mdomo wake kilikuwa milimita 105, na urefu wake ni mara 40 ya kipenyo hicho, yaani mita 4.2. Tukigawa kwa 60, urefu ni milimita 70, na tundu ni milimita 1.75. Ndugu msomaji, chukua mrija wa wino wa kalamu yako uutazame: tundu lake ni karibu kabisa na kipimo hicho. Basi mrija mmoja wa kalamu iliyokwisha, ukikatwa kwa milimita 70, ni mzinga wa Königsberg. Magurudumu ni vifungo vya shati. Meli yenyewe, iliyokuwa na urefu wa mita 115 hivi, ingekuwa karibu mita 2 mezani, hiyo tumeiacha.

6. SWALI LA BABU

Tulipokuwa na mizinga mitatu na askari arobaini, babu yangu mzaa mama, ambaye ni mkazi wa hapa Mloka, alikuja shuleni kuniona. Nilimpa shikamoo, nikampeleka stoo kumwonyesha meza yetu. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema, kisha akauliza:

“Mjukuu wangu, hawa nani anawabebea?”

Nikamwambia, “Babu, hawa ni askari wa miaka elfu moja ijayo. Wana mashine.”

Akasema, “Na wale Wajerumani walikuwa na mashine. Mzee wangu, babu yangu mimi, ndiye aliyekuwa mashine.” Akaeleza ya kuwa babu yake alichukuliwa kutoka shambani kubeba mizigo ya vita, na katika kundi lake waliorudi kijijini walikuwa wachache.

Babu alipoondoka nilikwenda maktaba kusoma zaidi. Vita hivyo vilipita karibu nasi kabisa. Tarehe 4 Januari 1917, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, Frederick Selous, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, ndani ya pori ambalo baadaye lilipewa jina lake, na kaburi lake watalii huenda kulizuru. Yeye tunajua siku na mahali. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Hata sanamu kubwa za mijini zinaonyesha jambo hilo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina askari mmoja peke yake na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, lakini mwili hawakupewa. Sanamu ya namna hiyo iliyoko Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Vita ni vile vile, watu ni wale wale, lakini aliyeamua sanamu ziwe ngapi ndiye aliyeamua nani aonekane.

Hapo nikafahamu kazi yetu ni nini. Mtengenezaji wa visanamu, hata vya milimita 28, huchagua nani yupo na nani hayupo. Tukaweka kanuni mpya katika mchezo wetu, nazo ni tatu: mzinga hausogei mezani ila uwe na wapagazi sita kando yake, jeshi lisilo na wabeba maji husimama baada ya zamu nne, na kila mpagazi ana jina lililoandikwa chini ya kifuniko chake, nalo husomwa kwa sauti akianguka. Kanuni hizo zimebadili mchezo mzima. Mchezaji aliyezoea kukimbilia mbele sasa hutazama nyuma kwanza, kuona kama chakula na maji vinamfuata.

Kuwatengeneza wapagazi ni kazi ngumu kuliko kutengeneza mazimwi. Hakuna askari wa plastiki anayebeba mzigo kichwani, kwa hiyo ilinipasa kutazama. Nilikaa karibu na njia ya maji nikawaangalia akina mama wakipita na ndoo. Niliona ya kuwa mwenye mzigo kichwani hainami mbele kama picha nyingi zinavyoonyesha. Shingo na mgongo husimama wima kama nguzo, magoti hulegea kidogo, hatua ni fupi, na macho hutazama mbali. Nikakata askari kiunoni, nikamnyosha, nikageuza mkono wake wa bunduki ukawa wa kushika mzigo. Tangu siku hiyo siwezi kupishana na mtu mwenye ndoo bila kumwona.

7. KUPAKA RANGI

Rangi zetu ni za mafuta, zile za madirisha na baiskeli, tunazopewa mabaki na mafundi. Asidharau mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora kwa rangi za namna hiyo juu ya vibao vya mraba, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wenye jina lake wajulikana duniani.

Utaratibu ni huu. Paka kwanza rangi moja ya giza mwili mzima, uache ikauke usiku kucha. Kisha paka rangi ya kila sehemu, nyembamba, mara mbili. Rangi nene mara moja huziba macho na vidole. Ikikauka, yeyusha rangi nyeusi au ya udongo kwa tapentaini mpaka iwe kama chai, uipake juu yote: itaingia mashimoni na kukaa huko kama kivuli. Tena, chukua brashi, chovya katika rangi nyeupe kidogo, ifute karibu yote juu ya karatasi, halafu ipitishe upesi juu ya sehemu zilizoinuka. Magamba yatang’aa kama yanayopigwa na jua. Macho hupakwa mwisho kabisa, kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno.

Sababu yake ni ya kisayansi. Kitu kidogo hakipati mwanga na kivuli kama kitu kikubwa, kwa hiyo fundi hana budi kukichorea jua lake mwenyewe. Simama mchana uwanjani, utazame mwenzako: mabega na pua vyang’aa, chini ya kidevu ni giza. Paka ulichokiona.

Madirisha yawe wazi, na makopo ya rangi na tapentaini yasikae karibu na moto wala bwenini.

8. MAJIBU KWA WAZAZI WETU

Wazazi wamesema kwanza ya kwamba mchezo hupoteza wakati, na mtihani wa taifa unatukabili. Twafanya kazi hii saa mbili kwa juma, na mwalimu wetu wa Fizikia, aliyetupa ufunguo wa stoo, haruhusu aliyebakiza zoezi kuingia. Kipimo, uwiano, nafasi ya bahati, msuguano na uzito tumevishika kwa mikono.

Pili, wamesema sanamu hazifai katika dini. Jambo hili ni zito, nasi hatulifanyii mzaha. Katika kundi letu wapo wawili ambao, kwa imani yao, hawatengenezi umbo la kiumbe. Wao ndio mabingwa wa mizinga, mitumbwi, mikoko na nyumba za makuti, na bila wao meza ingekuwa jangwa. Hakuna anayelazimishwa, wala hatuchezi kwa fedha.

Tatu, wamesema tunafundishwa kupenda vita. Hapo naomba kwa heshima kusema kinyume. Aliyekaa Jumamosi mbili kumtengeneza mpagazi mmoja, akampa jina, kisha akamwona akianguka kwa kukosa maji, hawezi tena kusema “watu elfu kumi walikufa” kana kwamba anasoma bei ya sukari. Yeye ajua mmoja ni kazi kiasi gani.

 Ndugu zetu wa vidato vya chini watakaopenda kujifunza waje na kisanamu kimoja, kalamu iliyokwisha, na subira.

MAZOEZI

1. Mti wa mbuyu una urefu wa mita 18. Kwa kipimo cha moja kwa sitini utakuwa na urefu gani mezani?

2. Kwa nini gundi peke yake haitoshi kuunga mkono wa askari wa plastiki laini? Eleza njia iliyo bora.

3. Mtazame mtu mmoja anayebeba mzigo, mchore, kisha eleza uzito wa mzigo wapitia wapi mpaka kufika ardhini.

4. Muulize mzee wa kwenu ni nani katika ukoo wenu aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita. Akikutajia jina, liandike.